Nyumba ya Mizizi na Kamba

Ukitoka Isiolo mjini kwa njia ya Kulamawe na Garba Tulla, nyumba za mawe huisha mapema. Hufuata vibanda vya mabati, kisha migunga, na baadaye, kando kidogo ya barabara, unaona makuba madogo ya rangi ya vumbi ambayo abiria wengi huyapita bila kugeuza shingo. Watu huyaita vibanda. Kwenye ripoti huwekwa katika fungu la makazi ya muda. Mimi nayahesabu kuwa majengo yaliyofikiriwa kwa makini kuliko mengine yote katika kaunti hii, nikitia humo hata maghorofa yaliyoota tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Naomba nafasi nieleze kwa nini, na naomba msomaji awe na subira, kwa kuwa ufundi huu haujionyeshi kwa mtu mwenye haraka.

Kila jamii ya kaskazini ina namna yake. Wasomali wana aqal, Warendile wana min, Wagabra wana mandasse, na Waborana na Wasakuye wa bonde la Waso wana zao. Zinatofautiana kwa umbo la mbele, kwa aina ya nyuzi, kwa mpangilio wa ndani. Lakini kwa wafugaji wa ngamia mambo makuu hayabadiliki: nyumba hutengenezwa na mwanamke, ni mali ya mwanamke, na inaweza kufunguliwa asubuhi, ikapakiwa juu ya ngamia, na jua likitua iwe imesimama kwingine na chai iko motoni. Nitazungumzia zaidi aqal, maana ndiyo niliyoketi nikaitazama ikijengwa, mikononi mwa bibi mmoja wa Kisomali ambaye pale kila mtu, nami nikiwemo, alimwita Ayeyo.

Kazi huanza chini ya ardhi. Mgunga wa nchi kavu hutuma mizizi yake mbali, karibu na uso wa udongo, ikiwahi kila tone la mvua inayopita. Mizizi hiyo ina sifa ambayo matawi hayana: ni mirefu, imenyooka, na ikiwa mibichi hupinda bila kukatika. Tawi lina miiba na vifundo na limezoea kushindana na upepo. Mzizi umezoea kuzunguka mawe. Ayeyo alichimba upande mmoja tu wa mti, akaufuata mzizi kwa jembe dogo na vidole, akaukata mbali na shina, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Aliniambia, kwa Kiswahili chake cha Isiolo, kwamba anayechimba pande zote amemuulia mjukuu wake mti. Kisha akaenda kwenye mti mwingine.

Alipopata mizizi ya kutosha alikaa chini akaanza kuipima kwa kidole gumba. Macho hakuyatumia sana. Alipitisha gumba polepole kutoka ncha nene hadi ncha nyembamba, akasita mahali palipokuwa na uvimbe ambao mimi sikuuona, akaparudia, akautupa mzizi kando. Nikamuuliza una kasoro gani.

"Hapa utavunjika," akasema. "Si leo. Siku ya kuhama."

Mzizi ule ungefaa sana kwa nyumba isiyohama. Ungesimama miaka. Lakini tao la aqal hufungwa, hufunguliwa, hubebwa likiyumba ubavuni mwa ngamia, kisha hupindwa tena, na kila safari hulitafuta pale palipo dhaifu. Huyu ni mjenzi anayechagua mti wake kwa kufikiria siku ambayo nyumba itabomolewa. Sijui fundi mwingine yeyote anayeanza kazi yake kutokea mwisho namna hiyo.

Gome huvuliwa na kuwekwa kando, kwa sababu ndani yake mna nyuzi za kamba. Mzizi ulio uchi hupindwa ungali na maji yake, hufungwa ncha kwa ncha, ukaachwa kivulini. Ukiwekwa juani hupasuka. Ukifunguliwa kabla ya wakati hurudi kunyooka. Ukishakauka taratibu, umbo la tao huwa lake. Hata hivyo, fundi huuachia ukaidi kidogo: tao likisimamishwa hupindwa zaidi ya lilivyokauka, kwa hiyo daima linataka kufunguka, na linapotaka kufunguka hukaza kamba zote zinazolishika.

Akili ya jengo zima imo katika jambo hilo, na inafaa kukaa hapo kidogo. Nyumba ya mawe husimama kwa uzito. Jiwe hukandamiza jiwe lililo chini yake, na kadiri linavyokandamiza ndivyo ukuta unavyotulia. Ndiyo maana ukuta wa mawe haupendi kusukumwa kutoka ubavuni. Aqal haina uzito wa kutegemea. Husimama kwa mvutano. Kila tao linavuta, kila kamba inazuia, na kati ya kuvuta na kuzuia nyumba hukaza na kuwa ngumu. Upepo ukisukuma upande mmoja, upande huo hulegea kidogo na wa pili hukaza, nguvu ikasambaa kutoka tao hadi ufito, ufito hadi tao jingine, mpaka ikafika chini ikiwa imegawanyika. Hakuna mahali pamoja panapobeba yote. Hakuna msumari. Hakuna nguzo iliyofukiwa kwa kina. Niliegemea tao moja kwa bega, kabla mikeka haijapanda, na niliona kuba zima likisogea kidogo na kurudi.

Mwaka 1975 Wajerumani walifungua mjini Mannheim ukumbi uitwao Multihalle, ambao paa lake, lililobuniwa na Frei Otto, ni wavu wa fito nyembamba za mbao uliotandazwa chini ukiwa bapa kisha ukainuliwa hadi ukapinda kuwa kuba. Wasanifu wa dunia waliushangilia, na ulistahili. Otto alitumia maisha yake kusoma mahema na majengo mepesi. Wanawake wa nchi kavu ya Afrika walikuwa wakipinda fito zao kwa fikira iliyo karibu sana na hiyo muda mrefu kabla yake, tena chini ya sharti ambalo ukumbi wa Mannheim haukuwekewa: kila kipande kiweze kufunguliwa kwa mkono na kubebwa na mnyama.

Kamba nayo ni somo zima. Nyingine hutoka katika gome la mgunga, nyingine katika mkonge pori unaoota chini ya vichaka, wenye majani manene yaliyochongoka. Jani hupondwa, nyama yake ikakwanguliwa kwa kijiti, nyuzi zikaoshwa na kuanikwa. Kisha husokotwa juu ya paja. Ayeyo alisokota huku akizungumza na watu watatu, na sikumwona hata mara moja akitazama mkono wake. Vikonyo viwili vya nyuzi husokotwa kuelekea upande mmoja, halafu vyote viwili huzungushwa pamoja kuelekea upande wa pili. Kila kimoja kikitaka kujifungua hukaza chenzake. Ni hesabu ileile ya tao, safari hii katika kitu chembamba kuliko kidole.

Halafu fundo. Fundo linaloshika tao na ufito lina masharti mawili yanayopingana: lisilegee usiku wa dhoruba, na lifunguke kwa mvuto mmoja alfajiri ya kuhama, wakati giza lingali zito na ngamia wanalalama. Mjukuu wa Ayeyo, msichana wa shule ya msingi, alinionyesha. Alivuta ncha moja, fundo likazidi kukaza. Akavuta ncha ya pili kwa vidole viwili, likafunguka lote na kamba ikaanguka chini ikiwa imenyooka. Alifanya hivyo bila fahari yoyote, kwa kuwa kwake ni jambo la kawaida.

Kuba likishasimama, mikeka hupanda. Hiyo ndiyo iliyokula muda kuliko kitu kingine chochote. Mkeka mkubwa ni kazi ya muda mrefu, na husukwa na wanawake kadhaa waliokaa pamoja, kwa nyimbo za kusukia ambazo Wasomali wana hazina kubwa ya kwao. Binti akishaposwa, mama yake, shangazi zake na majirani huanza kusuka, kwa sababu aqal ni nyumba ya ndoa: bibi arusi huingia katika maisha mapya akiwa na paa lake mwenyewe. Kwa Wagabra, sehemu ya vifaa vya nyumba mpya hutoka katika nyumba ya mama mzazi. Kwa hiyo katika nyumba ya msichana aliyeolewa jana unaweza kukuta tao lililompa bibi yake kivuli, jeusi kwa moshi, gumu kuliko siku lilipokatwa.

Mkeka wa paa una pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande wa ndani ni laini, msuko wake umebana, una mistari na maumbo yaliyopangwa kwa uangalifu, na ndio utakaotazamwa na mtu aliyelala. Upande wa nje nyuzi huachwa ndefu, zimening'inia tabaka juu ya tabaka kama manyoya ya kondoo. Mgeni hudhani haukumalizwa. Kumbe ndio wenye kazi ngumu. Tone la mvua likitua hushikwa na uzi, huteremka hadi ncha, hudondokea uzi ulio chini yake, na hivyo hivyo mpaka ukingoni, bila kuugusa msuko wenyewe. Na unyevu ukiufikia msuko, nyuzi huvimba na matundu huziba. Mvua za Isiolo ni za misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kuna miaka hazitokei kabisa. Lakini zikija zinaweza kuja kwa kishindo, na paa la sentimita chache linazipokea.

Jua likitoka, nyuzi hukauka na kusinyaa, matundu yakafunguka tena, hewa ikapita. Nyumba inapumua wakati inapohitajika kupumua. Ukiingia saa nane mchana katika chumba cha mabati nje kidogo ya mji, utatoka mbio. Ndani ya aqal saa hiyo hiyo, mkeka wa chini umekunjwa upande wa kivuli, upepo unaingia kwenye vifundo vya miguu na joto linatokea juu. Jioni mkeka huo hushushwa. Kukianza kuvuma vumbi, hufungwa upande mmoja na kufunguliwa mwingine. Mlango nao hauwekwi ovyo. Pepo kuu za nchi hii hutoka mashariki, na Wagabra, kwa mfano, huelekeza milango yao magharibi, nyumba zikapangwa safu moja kutoka kaskazini hadi kusini, migongo yote ikiupa upepo.

Ndani ni padogo, na pamegawanywa kwa akili. Karibu na mlango pana jiko na mahali pa wageni. Nyuma, penye giza na baridi, pana kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi, kimefunikwa ngozi na mikeka, na pazia la kusuka mbele yake. Vyombo vya maziwa huning'inizwa ukutani, kwenye matao yenyewe. Katika manyatta za Kiborana chombo chenye heshima kuliko vyote ni gorfa, kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi, msuko umebana kiasi kwamba kinashika maziwa bila kuvuja, na husafishwa kwa moshi wa vijiti vyenye harufu nzuri. Nilipokishika mkononi ndipo nilipoelewa kwamba nyumba na chombo ni ufundi mmoja katika vipimo viwili. Mkono uliojifunza kuyazuia maziwa yasitoke ndio uliojifunza kuizuia mvua isiingie.

Moshi wa jikoni hauna bomba la kupitia. Hupanda, hutambaa chini ya kuba, hupenya kwenye mikeka. Unaudhi macho, sitaficha, na mapafu ya akina mama hulipia. Lakini ndio unaokausha matao, unaofukuza mchwa na funza wa mbao, unaofanya nyuzi zisioze. Nyumba ambayo haipikiwi ndani huzeeka haraka.

Siku ya kuhama vitu hugeuka majina. Matao hufungwa ubavuni mwa ngamia, ncha zikielekea juu, yakawa kiunzi cha tandiko. Mikeka hulazwa mgongoni chini yake kama pedi, au juu yake kama kifuniko. Ndani ya kiunzi hicho huwekwa wale wasioweza kutembea: mtoto, mzee, mgonjwa, mwanambuzi aliyezaliwa usiku. Wanasafiri wakiwa ndani ya nyumba yao ile ile, katika umbo lingine. Hakuna kipande kilichobebwa bure na hakuna mzigo wa kubebea mzigo. Nimefikiria sana juu ya hilo, na sijapata jengo jingine ambalo mbunifu wake alitatua nyumba na gari kwa vipande vilevile.

Kuna nyumba moja ya shamba kusini magharibi mwa Uingereza, katika nyika ya Dartmoor, ambayo nikisoma habari zake hukumbuka Waso. Inaitwa Higher Uppacott, na asili yake ni karne ya 14. Ni nyumba ndefu ya mawe ya granaiti iliyojengwa kwenye mteremko: watu waliishi upande wa juu, ng'ombe upande wa chini, paa moja, ujia katikati, na mfereji wa kutoa mkojo wa ng'ombe uende chini bila kupita kwa watu. Wakati wa baridi joto la mifugo lilikuwa na faida yake. Granaiti katika nyika ile imetapakaa juu ya ardhi, na wajenzi wa zamani walianza na ile iliyokuwa miguuni mwao.

Wafugaji wale wa Kiingereza nao walijua thamani ya kiungo laini. Ukuta wa zamani wa mawe huko huwa na nyuso mbili, ya nje na ya ndani, katikati vimejazwa vipande na udongo, na hapa na pale jiwe refu hupitishwa kutoka uso hadi uso kuzifunga pamoja. Udongo na chokaa vilivyotumika ni laini kuliko jiwe. Nyumba ikitikisika kidogo, chokaa hujisogeza na jiwe halipasuki. Unyevu ukiingia hutokea kwenye chokaa. Katika karne iliyopita watu wengi walizikarabati nyumba hizo kwa simiti, wakidhani wanaziimarisha, na simiti ilipogoma kusogea na kupumua, unyevu ukanaswa ndani ya kuta. Wahifadhi wa Uingereza leo hutumia muda mwingi kuchokoa simiti hiyo na kurudisha chokaa. Chokaa ya Dartmoor na kamba ya Waso zinafanya kazi moja: zinaruhusu nyumba iwe na mwendo mdogo ili isivunjike.

Linalowatofautisha wajenzi wa Dartmoor na wa Waso ni jinsi nchi zao zilivyowatendea. Mwaka 1877 William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na leo nyumba kama Higher Uppacott inalindwa na sheria, imepimwa, imechorwa, na mtu haruhusiwi kubadilisha dirisha lake bila kibali. Kwetu, sensa ya 2019 iliuliza kila kaya paa lake ni la nini, ukuta wake ni wa nini, sakafu yake ni ya nini. Aqal haina mahali ukuta unapoishia na paa linapoanzia. Swali lenyewe halikuijua.

Tena kulikuwa na ukatili kabla ya kusahau. Vita vya Shifta, kati ya serikali ya Kenya na wapiganaji waliotaka kujitenga, kuanzia 1963 hadi 1967, vilivunja uchumi wa Waso. Watu walikusanywa katika kambi, Garba Tulla na Merti zikiwemo, mifugo ikatwaliwa au kuuawa, na ngamia waliandamwa hasa kwa sababu ndio waliobeba mizigo ya wapiganaji. Wasakuye, waliokuwa watu wa ngamia, walitoka humo karibu mikono mitupu. Mtu akiondolewa ngamia, nyumba yake hukosa miguu. Matao yanabaki, lakini hayana pa kwenda. Mikeka ikichakaa hakuna sababu ya kusuka mingine. Baada ya muda kuta za udongo huinuka, kisha mabati. Tunapoona makuba yamepungua tusiseme tu kwamba maendeleo yamefika. Nyingi kati ya nyumba hizo zilizuiwa kuhama kwa nguvu.

Sasa kuna sababu nyingine. Tangu mradi wa ushoroba wa uchukuzi wa LAPSSET uzinduliwe Lamu Machi 2012 na Isiolo ikatajwa kuwa njia panda yake, ardhi ya mji na viunga vyake imekuwa kitu cha kugombaniwa. Anayetaka kuonyesha kwamba ploti ni yake huweka msingi wa mawe. Nimeona misingi mingi isiyo na ukuta, mingine imeota nyasi, iliyojengwa ili itazamwe na maafisa wa ardhi. Simlaumu mtu. Mwanamke mwenye aqal anamiliki nyumba lakini hana karatasi ya ardhi iliyo chini yake, na mbele ya mwenye karatasi, kuba lake huhesabiwa kuwa hakuna kitu pale. Ila nasema wazi kwamba jiwe lililowekwa kwa hofu halina ubora wa kuzidi tao lililopimwa kwa kidole gumba.

Na wale wanaobaki na makuba, wengi hufunika kwa turubai la msaada, magunia na vitambaa vilivyounganishwa. Nimeketi ndani ya nyumba hizo pia. Turubai huzuia mvua vizuri, hilo ni kweli, lakini halipumui, na mchana joto lake ni kali. Cha kutazama ni kiunzi: chini ya plastiki mara nyingi utakuta fito zilizopindwa na kufungwa kwa fundo lile lile, na mlango umeupa upepo mgongo. Ufundi umepoteza ngozi yake lakini mifupa bado ipo, na mwenye kuijua bado yuko hai.

Hili linaweza kufanyiwa kazi sasa. Labelle Prussin, msanifu wa Marekani, alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima, African Nomadic Architecture, kuhusu nyumba za wafugaji wa Afrika na wanawake wanaozijenga. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016. Tangu 2008 Makumbusho ya Taifa yana Jumba la Makumbusho la Jangwa kule Loiyangalani. Vifaa vya kuanzia tunavyo. Kinachokosekana Isiolo ni mtu mwenye futi, daftari na wiki chache.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa usanifu katika vyuo vyetu: kabla ya kumtuma mwanafunzi kuchora nyumba ya mlowezi wa Laikipia, mtumeni Kulamawe. Apime urefu wa kila tao, achore fundo hatua kwa hatua, aandike mkonge ulikatwa wapi na mkeka ulisukwa na nani. Naiomba serikali ya kaunti, inapopanga soko, kituo cha watalii au ukumbi wa kijiji, iwaite wanawake hawa mezani wakati wa kubuni, wasiitwe tu siku ya uzinduzi kuja kucheza ngoma. Nawe msomaji uliyezaliwa Waso, ukiwa na bibi anayejua kupinda mzizi, nenda likizo hii ukae naye, na umlipe kwa siku yake kiasi kilekile unachomlipa fundi wa mawe.